Kiti cha Mtukufu na Pipa la Bi Mashavu

Nchi yetu ya Tambarare haina tatizo la maji, na nitaeleza tulivyolimaliza. Naeleza kwa sababu wageni wakipita mtaani kwetu na kuona mnara uani kwa mwanamke mjane, na juu ya mnara kiti, na juu ya kiti mtu, huanza kuuliza maswali. Sisi majirani tumechoka kumjibu kila mmoja peke yake.

Kwanza mgeni aijue Sheria ya Mwinuko, ambayo watoto wetu huisoma kabla hawajajua kuhesabu. Inasema kwamba hakuna kitu cha raia kitakachokuwa juu kuliko kichwa cha Mtukufu Kilele wa Taifa, awepo au asiwepo, na kipimo ni kichwa chenyewe pale kilipo kwa wakati huo. Ni sheria ya haki, maana inawabana warefu na wafupi sawasawa. Mtukufu wetu, Mungu amzidishie, si mtu mrefu. Kwa hiyo minazi ya barabara kuu ilikatwa, nguzo za umeme zikafuata, na kile kilima kimoja tulichokuwa nacho kilisawazishwa kwa kujitolea. Nyumba zetu tunaziingia kwa kuinama. Hata Ikulu haina ghorofa, kwani ingeweza kutokea siku Mtukufu akawa chini na mpishi akawa juu. Vijana warefu tunao, nao hutembea wamepinda mgongo, na wengi wametokea kuwa wapaliliaji hodari. Kuhusu mawingu, wanasheria wa serikali walikaa kikao kirefu wakaamua kuwa mawingu ni ya nchi jirani, yanapita tu, na yana kinga ya kibalozi.

Sasa nije kwa Bi Mashavu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Marehemu mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba za ghorofa, enzi za ghorofa, na alimwachia vitu viwili: ua mpana wenye mteremko kidogo, na ngazi ndefu ajabu iliyolazwa chini kando ya ukuta. Ngazi iliyolala haivunji sheria. Uani Bi Mashavu alipanda bamia, mchicha, mnanaa, na mrehani wa kutosha kunukiza mtaa mzima. Katikati ya vyote hivyo ulikuwapo mwasumini mmoja.

Mwasumini ule haukuwa wake. Aliupanda binti yake, Tausi, wiki aliyojifungua mtoto wa kike, akasema kwamba asumini za vikuba vya harusi ya mwanawe hazitanunuliwa sokoni, zitachumwa hapa. Kikuba ni kile kishada cha asumini na mrehani ambacho bibi harusi na wanawake wake hujibandika kifuani, na kwetu harusi isiyo na vikuba huitwa mkutano. Tausi alifariki mtoto hajatambaa. Mtoto huyo, Rahila, sasa alikuwa msichana mzima, kaposwa, na harusi yake imewekwa mwezi ukiandama. Na Bi Mashavu, aliyekuwa akiteka maji kisimani na kuyamwaga kwa kata shina baada ya shina, alikuwa ameishiwa mgongo. Alinywesha mwasumini tu, tena kwa kuketi chini na kujivuta, na nilimsikia akizungumza nao kama mtu anayemlisha mgonjwa. Iliniuma kumsikia.

Serikali yetu ni sikivu. Mwaka huohuo Wizara ya Nyua na Vibaraza ilikuwa imeanzisha kampeni ya Kila Ua na Mfereji Wake, na ilihitaji ua wa mfano ulio karibu na barabara, ili Mtukufu asitembee sana. Ua wa Bi Mashavu ukachaguliwa. Akaletwa Mhandisi Pandu, kijana mpole aliyesomea umwagiliaji ng'ambo na kurudi, jambo ambalo wenzake hawakulielewa, hasa hilo la kurudi.

Mhandisi alikaa na bibi kwenye mkeka akamweleza kila kitu kwa lugha ya nyumbani. Tutaweka pipa kwenye kichanja, pale kwenye pembe ya juu ya ua, urefu wa mtu mzima, maana maji hupata nguvu ya kukimbia kutokana na kule yanakotoka. Mdomoni mwa pipa tutafunga kitambaa, taka zisije zikaziba. Mpira mnene utashuka katikati ya ua, na kutoka kwake vimipira vyembamba vyenye matundu madogo vitapita kwenye kila tuta, vikidondosha maji tone kwa tone penye shina tu. Mimea yenye kiu kali itakaa kwenye mpira wake na ile mivumilivu kwenye wake, ili mmoja asizame wakati mwingine anakufa. Koki itafunguliwa alfajiri, jua lisije likanywa kabla ya mche. Bi Mashavu alielewa yote kwa mara moja, akauliza pipa litajaa vipi, akaambiwa gari la wizara litakuja kulijaza, akasema basi ni kazi ya kufungua koki na kumwomba Mungu. Mhandisi akasema ndiyo hivyo hasa.

Kichanja kikajengwa, pipa likapakwa rangi za taifa, mipira ikatandazwa. Lakini kwetu mradi hauanzi kufanya kazi kwa sababu tu umekamilika. Unaanza ukizinduliwa. Koki ikafungwa utepe, na tangazo likabandikwa ukutani kwamba mpaka siku ya uzinduzi ni marufuku kumwagilia ua huo kwa njia nyingine yoyote, ili matokeo ya mradi yasije yakachanganyika na maji yasiyo rasmi.

Bi Mashavu alidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Ndipo alipofika Mkuu wa Itifaki, Bwana Kondo, na fimbo yake ya kupimia.

Bwana Kondo ni mtu asiyecheka, na si kwa ubaya, ila hajapata kibali. Alisimamisha fimbo mahali kiti cha Mtukufu kitakapowekwa, akatazama pipa, akatazama fimbo, akakaa chini. Jasho lilimtoka. Kisha akaamuru pipa lishushwe kabla ndege hawajaliona. Na kwa kuwa ile pembe ya juu ya ua ndiyo iliyokuwa na heshima, ikapewa kiti, na pipa likapelekwa pembe ya chini, kando ya mfereji wa maji ya jikoni.

Mhandisi Pandu alieleza kwa adabu zote kwamba sasa mimea iko juu na maji yako chini. Bwana Kondo akamjibu kwamba hilo ndilo jambo la kujivunia. Maji ya nchi nyingine hushuka ovyo kwa sababu hayana uongozi. Maji ya Tambarare yana nidhamu, na yakiamriwa yatapanda. Mhandisi alifungua mdomo, akakumbuka ana mke na watoto, akaufunga. Alijua, na Bwana Kondo alijua, na dereva wa Bwana Kondo aliyekuwa akila bamia mbichi kwenye tuta naye alijua. Kwetu kujua hakujawahi kuwa tatizo.

Kamati ikaundwa kulipatanisha pipa na mimea. Mjumbe mmoja alishauri iletwe pampu ya umeme, wakamwunga mkono wote, mpaka mwingine akauliza umeme utapita wapi na nguzo zilikatwa. Mjumbe wa pili, ambaye alikuwa na cheo kikubwa na kwa hiyo hoja yake ilijadiliwa zaidi, alisema ua wote uchimbwe, mimea izamishwe shimoni hadi iwe chini ya pipa. Wakaja na majembe. Mhandisi Pandu alijilaza juu ya shina la mwasumini, akasema ana kizunguzungu, na hakuamka mpaka wenye majembe walipokwenda kula. Wa tatu alipendekeza Mtukufu aje siku ya mvua. Huyu aliondolewa kwenye kamati kwa kutegemea nchi jirani.

Huku nyuma jua halikuwa mjumbe wa kamati. Mchicha ulilala wa kwanza. Mnanaa ukafuata. Majani ya mwasumini yalianza kuwa manjano kwa chini, kisha yakawa yanapukutika ukiyagusa, na vichipukizi vya maua, vilivyokuwa vimeanza kujitokeza kama punje za mchele, vikakauka vikiwa hivyohivyo. Mlinzi wa wizara alikaa hapo kutwa kuhakikisha hakuna tone lisilo rasmi. Sisi majirani tukawa tunakwenda kumjulia hali bibi, mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake cha chai. Ni ajabu jinsi mikono ya watu wa mtaa wetu ilivyodhoofika wiki ile. Kila aliyefika penye mwasumini kikombe kilimponyoka. Mlinzi, ambaye naye ana mama, aliandika kuwa ni ajali.

Lakini chai haikuzi mti. Jioni moja Rahila alimwambia bibi yake kwamba asijali, asumini za sokoni ni asumini vilevile, na harusi itapita. Alisema akicheka. Bi Mashavu aliingia ndani akalia, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta nilisimama na kikombe changu kitupu nikakosa pa kwenda.

Kesho yake kamati ilikutana tena uani. Bi Mashavu aliwakuta wakibishana kama inawezekana kulilaza pipa kiubavu ili lionekane fupi. Akawasikiliza mpaka wakanyamaza kuvuta pumzi.

"Wanangu," alisema, "mwahangaika bure kulishusha pipa. Kwani kiti chake hakiinuliki?"

Walitazamana. Nimeishi miaka mingi katika nchi hii na sijapata kuona watu wazima wakifurahi vile. Maana hapa mtu aliyeshusha kitu anaweza kuulizwa, lakini aliyeinua kiti cha Mtukufu hajaulizwa tangu uhuru. Bwana Kondo alisimama, akampa bibi mkono. Mhandisi Pandu alikwenda nyuma ya banda la kuku kwa muda kidogo, akarudi macho mekundu.

Hesabu ilikuwa rahisi. Pipa lirudi pembe ya juu, juu ya kichanja chake, na kiti kiinuliwe kidogo kulipita pipa. Kwa maboriti machache ingekwisha. Lakini Wizara ya Nyua ilipoongeza pingili moja kwa ajili ya heshima, Wizara ya Ulinzi iliona si vizuri kuonekana kuwa na heshima ndogo, ikaongeza yake. Wizara ya Kilimo ikaongeza. Wizara ya Samaki, ambayo haihusiki, ikaongeza mara mbili ili ikumbukwe. Mnara ukapanda, ukaipita minazi tuliyokuwa tukiikumbuka, na mwisho ukawekwa kiti, na kwa kiti ukafungwa uzi mrefu wa hariri ulioshuka mpaka kwenye koki ya pipa. Paa halikuwekwa, kwa sababu lingekuwa juu ya kichwa. Mwavuli uliruhusiwa kwa kuwa ni mali ya Ikulu.

Siku ya uzinduzi Mtukufu alifika na msafara, majogoo waliokuwa ukutani wakashushwa, ngoma zikalia. Alipanda kwa ngazi za mbao zilizotandikwa zulia jekundu, polepole, akisimama kila baada ya pingili na kupunga mkono, kitu ambacho redio ilikieleza kuwa ni unyenyekevu. Alipoketi, ngazi ziliondolewa mara moja, kwani mtu yeyote angeweza kuzipanda akasimama alipo yeye, na akisimama yeye ameketi, tungekuwa na kichwa juu ya kichwa. Hotuba yake ilikuwa nzuri sana. Upepo ulituachia maneno machache tu. Tulisikia "Mimi", tukapiga makofi. Tukasikia "Leo nimeyaruhusu maji kushuka", tukapiga makofi zaidi. Akavuta uzi.

Maji yakashuka. Yalipita kwenye kitambaa, yakaingia mpira mnene, yakagawanyika, na kwenye shina la mwasumini tukaona udongo ukibadilika rangi, mduara mdogo, kisha mkubwa kidogo. Mhandisi Pandu alipiga magoti kuutazama, na hakuna aliyemkataza kwa sababu kupiga magoti kwetu daima kunaruhusiwa. Bi Mashavu aliweka kiganja chake kwenye ule unyevu na kukiacha pale.

Sherehe ilipokwisha Mtukufu alisimama akapunga mikono. Nasi tukapunga. Akapunga kwa nguvu zaidi, mikono yote miwili, akielekeza chini. Umati haujapata kupendwa hivyo na kiongozi, ukamshangilia mpaka ukapoteza sauti. Kisha watu wakaenda zao.

Mgeni hapa ndipo huuliza kwa nini ngazi hazikurudishwa. Ningependa mgeni naye anijibu: nani azirudishe? Redio ilikwisha kutangaza kuwa Mtukufu amepanda. Hakuna mtangazaji katika nchi hii ambaye angekubali kusoma kwamba Mtukufu ameshuka. Isitoshe mtu akishuka ngazi huwapa mgongo walio chini, na vitabu vya shule vinasema wazi kwamba Mtukufu hajawahi kuwapa wananchi mgongo. Bwana Kondo alilifikiria jambo hili kwa uzito wake wote, akaona njia ya heshima ni kutolitaja. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, basi wakawekwa walinzi chini ya mnara, wakamngoja.

Kazi za serikali hazikusimama hata kidogo. Mawaziri walikuja asubuhi, wakasoma taarifa zao wakiangalia juu, Mtukufu akapiga kelele bila kusikika, nao wakaandika kile walichokuja nacho. Chakula kilipanda kwa kikapu na kamba, kikitoka jikoni kwa Bi Mashavu, kwa sababu jiko la Ikulu lilikuwa mbali na wali ulikuwa ukifika umepoa. Mambo mengine ya mwili Bwana Kondo aliyapanga kwa ndoo, na mimi si mtu wa kuyaandika.

Bi Mashavu pekee ndiye aliyezoea kusikia sauti ya kule juu, kwa sababu alikuwa akisimama na kungoja kikapu mpaka upepo utulie. Siku moja upepo ulitulia vizuri.

"Bibi," Mtukufu alisema, "ile ngazi iliyolala kando ya ukuta, ni yako?"

"Ni yangu, mwanangu."

"Basi nisimamishie, nishuke."

Bi Mashavu aliitazama ngazi. Ilikuwa na urefu wa kutosha, marehemu hakuwa mtu wa vitu vifupi. Akautazama mwasumini. Ulikuwa umetoa majani mapya, na nchani mwa matawi vilikuwapo vile vichipukizi, safari hii vya kijani, vimefumba. Alijua kwamba saa ile Mtukufu atakapokanyaga ardhi, pipa litakuwa juu ya kichwa chake, na Bwana Kondo atakuja na fimbo. Hakuwa mwanamke wa kusema uongo, wala wa kumnyima mtu haki yake.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Subiri asumini zifunguke. Mjukuu wangu akishaolewa, ngazi nitaisimamisha kwa mkono wangu."

Mtukufu hakuwahi kuambiwa subiri. Nafikiri hakujua kwamba neno hilo linaweza kukataliwa. Alisubiri.

Na alipokuwa akisubiri alitazama. Siku nyingine, upepo ulipotulia, alimwuliza bibi ule mstari mrefu wa watu wenye ndoo kule mwisho wa mji ni maandamano ya nini. Akaambiwa si maandamano, ni wanawake wa Chekeni wanakwenda kisimani, kama kila siku. Akauliza kwa nini nao wasiweke mapipa juu ya vichanja.

"Kwa sababu wewe ulikuwa chini, mwanangu," alisema Bi Mashavu.

Maneno yale yalisikiwa na walinzi, walinzi wakawaeleza wake zao, na kabla ya Ijumaa nchi nzima ilikuwa imefungua macho. Kipimo ni kichwa chenyewe, pale kilipo. Kichwa sasa kilikuwa juu kuliko minazi. Chekeni wakainua mapipa yao. Mtaa wetu ukainua. Mhandisi Pandu hakulala, alikuwa akienda ua kwa ua akifundisha kutoboa mpira na kufunga kitambaa, na nguzo za umeme mbili tatu zilionekana zimesimama, hazikusema nani kazisimamisha. Bwana Kondo alizunguka na fimbo yake akipima kila kitu, na kila kitu kilikuwa halali.

Asumini zikafunguka. Wanawake walizichuma jioni ya harusi wakaketi mkekani kushona vikuba, na Rahila alipobandikwa chake kifuani aliinama akakinusa, akabaki ameinama muda mrefu. Bi Mashavu alilia waziwazi, akamtaja Tausi kwa jina, akasema mwanangu, ahadi yako hiyo. Sote tulilia. Kisha akakumbuka, akaweka kikuba kimoja kwenye kikapu, akakipandisha. Baadaye sauti ilishuka kutoka kule juu, ikisema mama yake Mtukufu naye alikuwa akinukia vile.

Asubuhi baada ya harusi, Bi Mashavu, mwanamke wa ahadi, alikwenda ukutani kuichukua ngazi. Alikuta ile miti miwili mirefu ya pembeni, imelala kama ilivyolazwa na marehemu. Vipandio havikuwapo, hata kimoja. Alisimama pale, akatutazama sisi majirani tuliokuwa tumekuja kumsaidia kuosha masufuria. Tuliendelea kuosha.

Alirudi chini ya mnara akangoja upepo utulie, akamwambia Mtukufu kwamba ngazi anayo, vipandio ndivyo vinavyotafutwa. Bado vinatafutwa. Bwana Kondo ameunda kamati.

Mimi nina kile cha chini kabisa, ambacho Mtukufu angekikanyaga mwisho. Kimekishika kichanja cha pipa langu barabara, na mchicha nimeshaanza kuuchuma.